Kabla ya kununua mjusi, jiulize atakula nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na wasomaji wanaofikiria kufuga mjusi, hasa wazazi wanaotaka kumnunulia mtoto. Wengi huchagua kwa macho: rangi, madoa, upole wa mnyama akishikwa mkononi. Habari ya chakula huulizwa mjusi akiwa ameshafika nyumbani, na hapo ndipo mateso yake yanapoanza. Anza na chakula unachoweza kukipata wiki baada ya wiki, kwa miaka, ndipo utafute mjusi anayekila.

Chukua geko chui, yule wa manjano mwenye madoa meusi, ambaye wanaoanza hushauriwa sana kumfuga. Ni mdogo, mtulivu, na akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 15. Lakini hali jani wala tunda. Chakula chake ni wadudu walio hai, maana kuwaona wakitembea ndiko kunakomtia hamu ya kula. Akiwa mdogo hulishwa kila siku. Akikomaa, siku moja moja kwa kuruka. Kwa hiyo anayemchukua geko huyu ajue atafuga na nyenje pia: sanduku lenye matundu ya hewa, trei za mayai wajifiche, karoti na majani wale. Nyenje mwenye njaa hana faida yoyote kwa mjusi, kwa hiyo mshibishe kwa siku moja au mbili kabla ya kumtoa. Asiwe mrefu kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Wanaobaki bila kuliwa waondoe, kwani humng'ata mjusi hadi kumtia vidonda. Kama wadudu ndani ya nyumba ni jambo usiloweza kulivumilia, mwache geko chui, na kinyonga pia mwache.

Hata wadudu wakiwa tele, mjusi anaweza kufa polepole. Nyenje na mabuu wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa. Taya hulegea hadi likawa laini ukiligusa, miguu hupinda, vidole hutetemeka. Mifupa iliyokwisha kupinda hainyooki tena. Kinga yake ni nyepesi: tia nyenje kwenye mfuko pamoja na unga kidogo wa kalsiamu, tikisa mpaka wawe weupe, kisha walishe papo hapo kabla hawajajipangusa. Kalsiamu nayo haifyonzwi vizuri bila vitamini D3, ambayo mjusi huipata kwenye unga wenye vitamini hiyo au huitengeneza mwenyewe chini ya taa ya UVB, yaani taa inayotoa miale isiyoonekana kama ile iliyomo kwenye jua. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, maana kioo huzuia miale hiyo. Taa yenyewe huchoka huku bado inawaka, kwa hiyo ibadilishe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, hata kama macho yako hayaoni tofauti.

Wanaochukia wadudu hukimbilia iguana wa kijani kwa sababu anakula majani matupu. Ni kweli, na asipewe nyama wala chakula cha paka, kwani protini ya wanyama huharibu figo zake. Majani ya haradali na sukuma wiki yanamfaa. Spinachi isiwe chakula cha kila siku, kwa kuwa oksaleti yake hushika kalsiamu ikapotea bure. Lakini iguana huvuka mita 1.5 akihesabiwa na mkia, na anahitaji kizimba cha ukubwa wa chumba kidogo. Mimi simpendekezi kwa mtoto.

Mjusi mwenye ndevu wa Australia hubadilika kadiri anavyokua: utotoni hula zaidi wadudu, ukubwani zaidi majani. Wenye kuendelea kumpa wadudu kwa wingi humnenepesha hadi ini likajaa mafuta. Anahitaji mahali pa kuota joto penye nyuzi 40 hivi. Bila joto hilo chakula hakimeng'enywi. Asipewe kimulimuli kabisa. Mmoja tu anaweza kumuua.

Kwa nyumba isiyotaka shughuli za wadudu, chaguo langu ni geko wa kishungi. Hulishwa unga maalumu wa matunda uliokamilishwa kwa protini, vitamini na madini, sehemu moja kwa mbili za maji, na masalia hutupwa baada ya saa 24. Tunda la kusaga peke yake halitoshi. Joto la kawaida la chumba linamfaa, ila likizidi nyuzi 28 anaumia.

Yeyote utakayemchagua, mwambie muuzaji amlishe mbele yako kabla hujalipa. Mjusi anayekataa kula pale dukani usimchukue.

Mfugaji wa mijusi