Wastani wa urefu si ukuaji wa samaki

Mhariri,

Makala ya toleo lililopita ilisema samaki wa pwani hawakui tena kama zamani, kwa kuwa wastani wa urefu wao umeshuka. Nimepima samaki wa wavuvi wadogo kwa miaka mingi na kauli ile imeniuma, maana ni kwa hesabu za namna hiyo mvuvi hupangiwa tundu la wavu na kufungiwa maeneo yake.

Chukua changu kumi, watano wa sentimita 40 na watano wa sentimita 20. Wastani ni 30. Wakubwa wakishavuliwa wote, wastani unabaki 20, na hakuna changu hata mmoja aliyepunguza kasi ya kukua. Waliopungua ni wazee. Ukuaji ni urefu ukilinganishwa na umri, na rula haijui umri.

Umri umo kichwani, kwenye vijiwe vya masikio. Mnunuzi hapendi samaki wake apasuliwe kichwa, wala simlaumu. Kwa hiyo mimi huinua kifuniko cha matamvua, nikayasukuma matamvua pembeni, nikachokonoa mfupa ulio chini ya ubongo na kukitoa kijiwe kwa kibano. Kwa nje samaki haonekani kuguswa. Nakisugua utando utoke, nakivunja pale penye kiini, kisha naubabua uso uliovunjika kwenye moto mdogo hadi ugeuke kahawia. Tone la mafuta juu yake, halafu hadubini. Hapo pete hujitokeza, nyembamba na pana zikipokezana, kama za gogo la mti. Huhesabiwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuambiwa urefu wa samaki. Ukiujua urefu, macho huanza kuona pete unazozitarajia.

Kwenye bahari za joto pete huwa hafifu, na wengi huzikatia tamaa mapema mno. Zinasomeka, ila kwanza ithibitishwe kwamba pete moja ni mwaka mmoja: vijiwe vikusanywe kila mwezi na ukingo wake uangaliwe, pete mpya inaanza lini. Kwa samaki wachanga zipo hata pete za siku, kama alivyoonyesha mtafiti Giorgio Pannella mwaka 1971.

Najua wapo wanaokadiria ukuaji kwa urefu peke yake, wakifuatilia kundi la rika moja linavyosogea kwenye chati mwezi hadi mwezi. Kwa dagaa, wenye maisha mafupi, njia hiyo inafaa. Kwa chewa haifiki mbali. Huyo huishi miaka mingi na uzeeni huongezeka kidogo sana, hivyo marika yake hurundikana pamoja, wa miaka minane na wa kumi na miwili wakawa na urefu ule ule.

Halafu kuna chombo cha kuvulia. Jarife humnasa samaki ambaye unene wake unalingana na tundu, mwembamba hupita. Kwa hiyo wadogo wa umri wanaonaswa ni wale waliokua upesi kuliko wenzao, na waliochelewa hubaki baharini. Rosa Lee, mtafiti wa Uingereza, aliandika mwaka 1912 kwamba ukikokotoa urefu wa utotoni wa samaki wazee kutokana na pete za magamba yao, huonekana walikuwa wadogo kuliko vijana wa umri huo. Sababu mojawapo ni kwamba wenye kasi huvuliwa mapema. Usipoandika kama samaki alitoka kwenye jarife, dema au mshipi, mkunjo wako wa ukuaji utapinda, hata ukitumia kwa ustadi wote kanuni ya von Bertalanffy, ile ya kukadiria urefu wa samaki kwa umri wake.

Niliwahi kukabidhiwa daftari la vipimo vya miaka mitatu, limeandikwa kwa mwandiko safi kabisa, lisiloonyesha kama urefu ulipimwa hadi ncha ya mkia au hadi panda yake. Kwa changu mkubwa tofauti hiyo huzidi kile anachoongeza kwa mwaka mzima. Hatukuweza kulitumia, na wavuvi walikuwa wamesimama juani siku zote hizo wakisubiri samaki wao wapimwe.

Mwandishi wenu akirudi kwenye habari hii, namwomba awaulize waliompa takwimu umri wa samaki wale ulisomwa wapi. Kama haukusomwa, aandike kwamba samaki wakubwa wamepungua. Hilo linathibitishwa na vipimo alivyonavyo, na ni habari nzito.

Mpima samaki, msomaji wenu wa siku nyingi