Shukrani kwa waliotusitiri katika msiba wa Mwalimu, mama yetu, Muheza

Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Familia ya marehemu mama yetu, ambaye Muheza nzima ilimwita Mwalimu bila kuongeza jina, inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, majirani na wote waliokuwa nasi tangu alipopatwa na kiharusi hadi siku ya kuanua tanga. Hatuwezi kufika mlango kwa mlango, kwa hiyo tunaomba salamu hizi zipokelewe na kila mmoja kwa nafasi yake.

Tunaanza na wauguzi wa zamu ya usiku. Walimgeuza kila baada ya saa mbili ili asichubuke mgongo, tena wakatuonyesha namna ya kumlisha uji: kichwa kiinuliwe, kijiko kiwe kidogo, na asipewe cha pili kabla hajameza cha kwanza, kwa kuwa mgonjwa wa kiharusi hupaliwa upesi. Kina mama waliomuosha na kumvika sanda ya vipande vitano, Allah awalipe. Vijana wa kaburini nao walikuta mizizi ya mwembe katikati ya mwanandani, ikabidi shoka lifuatwe mjini, na bado kaburi lilikuwa tayari kabla ya Alasiri.

Jikoni ndiko tulikoelemewa. Tulipima mchele kilo 60, kwa hesabu ya watu mia nne hivi. Siku ya maziko wakashuka wengine kutoka Tanga, Korogwe na Lushoto, na ilipofika saa nane chakula kimekwisha. Kuni zilizobaki zilikuwa za mchungwa uliokatwa juzi yake, mbichi kabisa, zinatoa povu na moshi, moto hakuna. Jirani wa nyumba ya pili akaleta magunia mawili ya mkaa bila kuombwa, wapishi wakabandika upya, na maharage yaliyowekwa kwa ajili ya usiku yakaliwa mchana. Waliokula wali maharage siku ile watusamehe. Tunawashukuru pia waliosimama na miti mvua iliponyesha, wakiinua turubai kila lilipojaa maji katikati. Bila wao lingetuangukia.

Pale mkekani walimu vijana waliulizia sana kadi za Mwalimu za kufundishia kusoma, na kwa kuwa tuliahidi kuzieleza, tunazieleza hapa.

Kadi zilikuwa 100, kila moja ukubwa wa kiganja, zimekatwa kwenye maboksi ya sabuni na kuandikwa kwa wino mweusi upande mmoja tu. Tano ni za irabu. Zilizobaki 95 ni za silabi: konsonanti 19, kila moja na irabu zake tano, hata "wu" ambayo haina kazi nyingi. Sauti kama ng', dh, th na gh alizifunga pembeni kwa raba, hazifunguliwi mpaka zile mia zimeeleweka. Baada ya irabu alianza na ma, me, mi, mo, mu, kwa sababu mtoto anauona mdomo wa mwalimu ukifumba. Herufi b na d hakuzifundisha wiki moja, maana zinafanana na watoto huzigeuza.

Lakini ujuzi wake ulikuwa kwenye kuzichanganya. Mtoto wa darasa la kwanza huimba "ba be bi bo bu" kwa sauti nzuri ukadhani anasoma, kumbe amekariri wimbo. Mwoneshe "bo" peke yake, anyamaze, au aanze tena kutoka "ba". Kwa hiyo Mwalimu alizichanganya kadi kama karata, akamwonesha mtoto mmoja tano tu. Akikosa mbili, harudishwi nyuma mbele ya wenzake, anaitwa wakati wa mapumziko. Darasa la watoto 90 alilimaliza kwa zamu ya siku tatu.

Hesabu alifundisha kwa njiti za fagio, kumi kumi kwenye uzi. Katika 32 toa 17, mtoto anashika mafungu matatu na njiti mbili. Njiti saba hazitoki kwenye mbili, basi anafungua fungu moja kwa mkono wake, anapata njiti 12, anatoa saba zinabaki tano, kisha anatoa fungu moja kati ya mawili. Jibu 15 analiona mezani. Aliyefungua uzi mwenyewe hasumbuliwi tena na neno "kukopa".

Alikuwa mwalimu wa UPE, yaani mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ilihitaji walimu wengi kwa haraka, na vijana waliomaliza darasa la saba walifundisha huku wakisomea ualimu kwa redio na kwa masomo ya posta. Wapo waliolitamka jina hilo kwa dharau, na baadhi yao wamesoma kwa kadi hizohizo. Alishika chaki hadi alipostaafu kwa mujibu wa sheria akiwa na miaka 60, na hakuomba hata mara moja kuhamishwa kutoka darasa la kwanza.

Nyumbani alikuwa vilevile. Ratiba ya dawa za kisukari za Mzee wetu ipo ukutani jikoni hadi leo, imechorwa kwa rula kama ratiba ya vipindi, na safu ya mwisho ni ya kukagua miguu kila jioni, kidole kwa kidole, kwa kuwa Mzee hahisi tena akijikwaa. Kazi hiyo sasa wameipokea wakwe zake.

Hesabu ya rambirambi ilisomwa mbele ya wazee siku ya tanga. Anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na kaka yetu mkubwa kabla ya hitima ya arobaini, ili madeni yalipwe kwanza na mirathi ifuate. Hitima itasomwa nyumbani baada ya sala ya Alasiri.

Kadi na njiti zimekabidhiwa kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Zilipohesabiwa kadi zilikuwa 99, "ju" haionekani, na mjukuu wake ameiandika upya.

Vyombo vilivyobaki kwetu ni masufuria mawili makubwa, moja limevunjika mkono, upawa wa mti, sinia lenye alama ya rangi nyekundu chini na jamvi moja. Wenyewe wavifuate wakati wowote, mlango wa uani uko wazi.