Mhudumu Aanze na Kazi Moja: Barua kutoka Kasulu

Kasulu, Kigoma
12 Juni 2025

Mama Zawadi mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Sisi hatujambo, watoto wako shuleni, na baridi ya mwezi huu imetufanya tutoe masweta mapema. Nimefurahi kusikia kwamba sasa unawasimamia wahudumu wa afya ngazi ya jamii katika kata yenu, ingawa najua uteuzi wa namna hiyo huja na kazi nyingi kuliko posho. Katika barua yako kuna mahali paliponichokoza: pale uliposema kwamba mfano wa Nepal mliopewa kwenye mafunzo, wa wanawake wa kujitolea wanaopeleka huduma za afya kwa majirani zao, hauwafai watu wa Tabora, kwa kuwa ile ni nchi ya milima na theluji, na ninyi mmekaa tambarare ambako baiskeli inafika kila kitongoji. Naomba nikubishie.

Nepal si milima mitupu. Zaidi ya nusu ya watu wake wanaishi Terai, ukanda wa tambarare ulio kusini kwenye mpaka wa India, wenye joto, mpunga na mbu ambao ninyi msingewaona wageni. Wilaya ya Sarlahi iko huko, na ndiko mtafiti Keith West na wenzake walikofanya utafiti uliochapishwa mwaka 1991, ukionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa vitamini A kila baada ya miezi minne walipungukiwa na vifo kwa asilimia 30. Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya Jumla, wilaya ya milimani ambayo wakati ule haikufikiwa na barabara ya magari, ambako Mrigendra Raj Pandey na wenzake waliwafundisha wahudumu wa vijijini kutambua nimonia na kutoa antibiotiki, na ilipofika mwaka wa tatu vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa vimeshuka kwa asilimia 28. Ushahidi mmoja ulitoka tambarare, mwingine mlimani, na Serikali yao ikaufanyia kazi wote.

Lakini mwenzangu, dawa hizo zilihitaji mkono wa kuzifikisha, na hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi. Mpango wao wa wanawake wa kujitolea wa afya ya jamii ulianza mwaka 1988, na leo wanawake hao ni kama 50,000, kila mmoja akitokana na kikundi cha kina mama wa eneo lake. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kusuasua. Mwanamke alifundishwa kwa muda mfupi, akapewa orodha ndefu ya mambo ya kuwahimiza majirani, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa, jirani anayekuja kwako kila wiki kukuambia chimba choo, panga uzazi, nyonyesha hivi na vile, bila kitu cha kukusaidia, hata kama anasema kweli utamchoka.

Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 1993, walipokabidhiwa ugawaji wa vitamini A mara mbili kwa mwaka, wilaya chache kwanza, hadi kufikia mwaka 2002 wilaya zote 75 za wakati huo zikawa zimeingia. Wewe na mimi tunaifahamu kazi hiyo, maana ndiyo tunayoifanya Juni na Desemba: unakata ncha ya kidonge kwa mkasi, unambana mtoto mashavu kidogo, unadondosha matone, unamfuta mdomo na kuandika kwenye kadi. Haihitaji kusoma sana, haiumizi, inakwisha kwa dakika moja, na mama anaiona kwa macho yake. Baada ya misimu kadhaa yule mwanamke anakuwa mtu wa kutafutwa. Alipokuja baadaye na habari ya nimonia, na kisha na vidonge vya misoprostoli vya kumkinga mzazi asitokwe na damu nyingi anapojifungulia nyumbani, alikuta milango iko wazi. Hata katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1996 hadi 2006, ambapo watumishi wengi waliotoka mbali walikimbia vituo, yeye aliendelea kuwapo kwa sababu kijiji kile ndicho kwao.

Nikueleze kwa nini jambo hili limenikaa kichwani. Juma lililopita mama mmoja aliteremka kutoka kitongoji cha juu akiwa na mtoto wa miezi tisa mgongoni. Nilimwomba amkalishe mapajani, nikainua fulana, nikasubiri mtoto atulie kwa maana ukihesabu akiwa analia unajidanganya, kisha nikatazama tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima. Kwa umri huo pumzi 50 tayari ni za haraka. Zake zilipita 60, na sehemu ya chini ya kifua ilikuwa ikizama ndani kila alipovuta hewa. Mama akasema hali ilianza siku mbili nyuma, akawa anamngoja mumewe arudi kutoka shamba la mbali. Tulimpa dozi ya kwanza, akapelekwa hospitali kwa bodaboda, na namshukuru Mungu anaendelea vizuri. Siku ile ya kwanza alihitajika mtu wa kulekule kitongojini, mwenye kuweza kuhesabu pumzi na mwenye kauli ya kumwambia mama, “Ondoka sasa hivi, usimngoje mtu,” naye akasikilizwa. Kuhesabu kunafundishwa darasani kwa siku chache. Kusikilizwa hakufundishwi.

Ndiyo maana nina wasiwasi na jinsi tunavyoanza huku kwetu. Mpango wetu, aliouzindua Philip Mpango, wakati huo Makamu wa Rais, pale Dodoma Januari 2024, ni mzuri, na sisemi hivyo kwa kuwa mzinduzi ni mtu wa Buhigwe, jirani zetu hapa Kigoma. Wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, wawili kila kitongoji na kila mtaa, mafunzo ya miezi sita, na posho ya kueleweka badala ya kila mradi kuja na watu wake na fulana zake. Tuliteseka sana na ule mtindo wa zamani, ambapo nyumba moja ilitembelewa na mtu wa kifua kikuu asubuhi, wa lishe mchana, na wa uzazi wa mpango jioni. Hata hivyo, tukimpa kijana mmoja malaria, lishe, wajawazito, chanjo, vyoo na kifua kikuu kwa mkupuo, tutakuwa tumewaunganisha wale wote katika mtu mmoja, na kaya zitamchoka yeye kama walivyochokwa wenzake. Ushauri wangu kwako, ukiwa na nafasi ya kuamua, ni kwamba wahudumu wa kata yako wajulikane kwanza kwa kazi moja. Desemba si mbali. Waachie matone ya vitamini A wayagawe wao, kaya kwa kaya, nawe simama nyuma. Mengine yafuate.

Usinijibu kwamba takwimu zetu ni nzuri kuliko zao. Najua utafiti wetu wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, na Nepal walipata 151 katika sensa yao ya 2021, wakitoka 539 katika utafiti wa mwaka 1996. Wastani wa nchi haumsaidii mwanamke wa Kalya, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kusini mwa mkoa wetu, ambaye uchungu ukimkamata usiku anategemea boti na upepo. Kwa habari hiyo kuna jambo la Nepal ambalo ningependa liibwe kama lilivyo. Kuanzia mwaka 2005 mama aliyejifungulia kituoni alipewa fedha ya nauli kwa kadiri ya mahali anapotoka: rupia 1,500 akitoka milima mirefu, 1,000 akitoka vilima vya kati, na 500 akitoka tambarare. Baadaye viwango vilipandishwa lakini ngazi zikabaki. Sisi tunapenda kusema huduma ni sawa kwa wote, halafu anayekaa Ujiji analipa bajaji, na anayetoka ndani huko Ulyankulu anatafuta pikipiki ya bei ya mbuzi. Kumpa kila mtu sawasawa katika hali kama hiyo ni kumpunja wa mbali.

Yapo pia ambayo nisingeyachukua. Wanawake wale hawalipwi mshahara. Wanapata posho ndogo ya sare na nauli za mafunzo, na wamekuwa wakidai haki zaidi kwa miaka mingi. Wapo wanaosifu moyo wao wa kujitolea, lakini mimi naona nchi imejengewa afya kwa jasho la wanawake maskini, na sifa hazinunui unga. Posho yetu isije ikakatwa kwa kisingizio cha Nepal.

Halafu iko habari ya dawa ya kitovu, ambayo ingekupa wewe nguvu katika hoja yako kama ungeijua. Sarlahi hiyohiyo, mwaka 2006, ilionekana kwamba kusafisha kitovu cha mtoto mchanga kwa klorheksidini kulipunguza vifo kwa asilimia 24, na Nepal wakaieneza nchi nzima. Dawa hiyo ilipojaribiwa Pemba, kwa watoto zaidi ya 36,000, matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuonyesha tofauti ya maana katika vifo. Kwa hiyo ni kweli kwamba si kila kilichofaa kwao kitafaa kwetu, ila kinachotutenganisha nao si urefu wa milima. Ni wapi watoto wanazaliwa, kitovu kinakatwa na nani, na kinapakwa nini baadaye.

Nina swali moja nakuomba unijibu bila kunificha. Hao wahudumu wako walichaguliwa vipi? Huku kwetu kuna vijiji ambako mkutano mkuu uliitishwa, kina mama wakajaa, wakabishana hadi jioni juu ya nani anaaminika kuingia chumbani kwa mzazi; na kipo kijiji nisichotaka kukitaja ambako majina yalifika yakiwa yameandikwa tayari, na mmoja wao ni shemeji wa mtu. Kabla ya Desemba pita kitongoji kwa kitongoji, uwaulize kina mama majina ya wahudumu wao wawili. Wasipoyajua, niandikie haraka, kwa sababu hapo tutakuwa na mambo mengine ya kuzungumza.

Nisalimie Baba Zawadi na mama mzaa chema.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Tumaini