Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Nanyuki

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Bodi ya Shule, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Nanyuki. Historia tutaipitia mbio, maana tuna ombi.

Waitaliano waliposhindwa Ethiopia mwaka 1941, maelfu ya askari wao waliletwa Kenya wakiwa mateka wa vita. Wapo waliochimba barabara ya kuteremkia Mai Mahiu na kujenga kanisa dogo kando yake mwaka 1942. Hapa Nanyuki walizungushiwa seng'enge katika Kambi 354. Januari 1943 Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitoroka ili tu waupande Mlima Kenya. Kamba walisuka kwa mkonge wa vitanda vyao, na vyuma vya kukanyagia barafu wakafua kwa mabaki ya magari. Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha wote watatu wakajirudisha kambini.

Mheshimiwa, chama chetu kimepiga hatua kubwa mno. Tumefungua kona ya makumbusho, tumesuka kamba mfano wa ile, na shule jirani sasa zinakuja kujifunza kwetu.

Lakini kona hiyo ni stoo. Picha na nakala za barua za mateka ziko katika maboksi sakafuni, yameegemea ukuta wa nje. Mvua ikinyesha ukuta unavuta maji. Picha zinagandana, pini za stepla zinashika kutu na kutoboa karatasi, selotepu inaacha madoa ya manjano yasiyofutika. Kamba ya mkonge imeota ukungu, kwa sababu mkonge hunyonya unyevu na haukauki haraka.

Tunaomba kabati moja la chuma, milango miwili, lenye kufuli na miguu ya kuliinua kutoka sakafuni. Lisiwe la mbao. Mchwa wa hapa hawachagui. Pamoja nalo, bahasha za karatasi isiyo na asidi, vipakiti vya kunyonya unyevu, na fundi wa kuziba ukuta kwanza, la sivyo kabati nalo litashika kutu.

Kwa heshima zote, ombi hili si geni. Wageni rasmi wawili waliokutangulia waliahidi kabati hilihili jukwaani hapa, tukawapigia makofi mengi. Vipimo viko kwa Mwalimu Mlezi tangu wakati huo. Tunakusihi, Mheshimiwa, ututajie tarehe leo, kabla ya mvua za masika.

Tunaomba kuwasilisha.