Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: mkopo wetu uko wapi?

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani, maana barua mbili tulizopitisha kwa mtendaji wa kata hazijajibiwa.

Jana saa sita mchana binti anayekusanya marejesho alikaa kwenye benchi langu, katikati ya wateja, akafungua daftari. Nilikuwa na 6,000. Akasubiri. Kila mteja aliyemaliza ugali alipotoa hela, mkono wa binti ulitangulia wangu, mpaka 10,000 ikatimia. Kilichobaki hakikutosha mkaa. Leo sijapika.

Huo ndio mkopo wa mtaani tunaouita kausha damu. Nilichukua laki 2, narejesha 10,000 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu mwenyewe. Nimeingia huko kwa sababu mkopo wenu, usio na riba, haukufika.

Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Tukavumilia. Iliporejeshwa 2024 ulisimama uwanjani ukatuambia tujipange, hela ipo. Tukajipanga. Katiba tuliandika, akaunti tulifungua, kijana wa steshenari tulimlipa atuchapie andiko la mradi. Afisa maendeleo ya jamii alikuja akahesabu mpaka masufuria. Tangu hapo jibu ni moja: mfumo unasumbua.

Labda kweli ni mfumo. Mtaani wanasema wanaopata wana ndugu zao humo ndani. Ushahidi sina, lakini ukimya wenu ndio unaoyalisha maneno hayo. Ushuru wa meza tunalipa, na siku ya ushuru mashine haijawahi kusumbua.

Kwenye kikundi tulijiandikisha 10. Mmoja ameuza cherehani ya marehemu mama yake alipe rejesho. Mwingine alihama usiku, watoto kawaacha kwa bibi yao.

Hatuombi sadaka, Mkurugenzi. Tunaomba jibu. Kama tumekosa sifa, tuandikieni tumekosa nini, turekebishe. Kama fungu limekwisha, semeni. Kama lipo, tupeni. Lakini tujibuni, tafadhali, tujibuni wiki hii. Kesho saa sita yule binti anarudi na daftari lake.

Mama lishe, kwa niaba ya wenzangu waliobaki