Picha za Bagamoyo zilizoko Ufaransa

Ndugu Mhariri,

Shirika la Roho Mtakatifu, lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 na kuwapa makao watu waliokombolewa utumwani, limehifadhi huko Chevilly-Larue, karibu na Paris, picha na postikadi za kale za misheni zake barani Afrika. Kwa kuwa postikadi za kimisionari zilikusudiwa kuchangisha fedha Ulaya, mara nyingi maelezo yake humtaja padre kwa jina, huku Mwafrika aliye kando yake akiachwa bila jina, jambo linaloniumiza sana. Naliomba shirika lilete nakala kwenye makumbusho ya misheni Bagamoyo, ili wazee wetu wazitazame na kutambua nyumba, mitaa, pengine hata sura za jamaa zao.

Msomaji wenu,
Bagamoyo