Barua ya wazi kwa Jaji Mfawidhi, Tanga: aliyepigwa aulizwe mwenyewe

Mheshimiwa Jaji Mfawidhi,
Mahakama Kuu ya Tanzania, Tanga.

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kuhusu jambo moja tu, nalo ni namna mashauri ya shambulio yanavyomalizika katika mahakama za mwanzo pale inapoelezwa kwamba pande mbili zimekwisha kupatana. Silisemi kwa kusikia. Niliwahi kuwa mshauri wa mahakama, yaani mzee wa baraza kama tulivyozoea kuitwa, katika miaka ambayo hakimu aliketi na washauri wawili na kura zetu zilihesabiwa pamoja na yake. Mahakama niliyoketi sitaitaja, kwa kuwa nitakayoyaeleza si ya mahakama moja wala ya hakimu mmoja, na sehemu ya lawama ni yangu mwenyewe.

Aliletwa mbele yetu kijana mchuuzi wa samaki, aliyepigwa kasia pwani kwa ajili ya deni la ndoo mbili za dagaa. Alipopewa msahafu aape, aliupokea kwa mkono wa kushoto, akaona haya, akauhamishia juu ya kiganja cha kulia ambacho vidole vyake viwili havikukunja. Alitoa ushahidi wake vizuri, kwa sauti ya chini, na shauri likaahirishwa. Tarehe iliyofuata walikuja mjomba wake na baba wa mshtakiwa, wamekaa benchi moja, wakaeleza kwamba wazee wameketi na jambo limekwisha. Hakimu akamuuliza kijana kama amesamehe. Kijana akageuka kwanza, akamtazama mjomba wake, ndipo akajibu, "Ndiyo, mheshimiwa." Hakimu akatuuliza sisi washauri, nasi tukaridhia. Haikuchukua hata robo saa.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta soko la Mgandini akipara samaki, kisu akikishika kwa mkono wa kushoto. Akanieleza, bila hasira, kwamba siku ya kikao yeye alikuwa hospitali, kwamba zililipwa shilingi 200,000, na kwamba mkononi mwake zilifika 30,000. Nyingine ziliishia kwa waliokaa kikao. Vidole vilikuwa vile vile.

Naomba nisieleweke kwamba napinga sulhu. Mimi ni mtu wa pwani, na sulhu nimeikuta na nimeishi nayo. Nimeona majirani wawili wa Ngamiani, waliotiana makofi kwa sababu ya mfereji wa maji machafu, wakiombana radhi mbele ya hakimu na kutoka wakiwa wameshikana mikono, na mfereji wenyewe ukachimbwa upya wiki ile ile. Kuwafunga watu wale kungezaa uadui wa watoto na wajukuu. Sheria yenyewe imeliona hilo: mahakama inaruhusiwa kuhimiza upatanisho katika shambulio la kawaida na makosa mengine yaliyo ya kibinafsi, hata kwa masharti ya kulipana fidia, iwapo inaona kwamba maslahi ya umma hayadai adhabu. Lakini ruhusa hiyo imepewa mahakama, na ni mahakama inayotakiwa kuyapima masharti na kuyaridhia. Haikupewa mjomba, wala mjumbe, wala kikao cha usiku ambacho aliyeumia hakuwepo.

Tena kuna suala la ngazi ya kosa, ambalo wananchi wengi hawalijui na sisi tulilojua tulilipita. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka ukomo wa kifungo cha mwaka 1 kwa shambulio la kawaida, miaka 5 kwa shambulio la kudhuru mwili, na miaka 7 kwa kumsababishia mtu madhara makubwa; na katika madhara makubwa yamo majeraha mabaya au ya kudumu ya kiungo cha mwili. Kosa hilo la mwisho si la mahakama ya mwanzo, ambayo kifungo chake cha juu kwa kawaida ni miezi 12, bali ni la mahakama ya wilaya kwenda juu. Kwa hiyo neno linaloandikwa kwenye hati ya mashtaka ndilo linaloamua shauri liende wapi, adhabu ifike wapi, na kama upatanisho una nafasi. Ndani ya jalada la kijana yule ilikuwemo PF3, yaani fomu ya polisi anayojaza daktari kuhusu majeraha, iliyosema wazi kwamba mifupa ya vidole viwili imevunjika. Tuliisoma. Hakuna kati yetu aliyeuliza kwa nini shauri lile lilikuwa mbele yetu.

Hali ni nzito zaidi pale anayepigwa ni mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema bayana kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, lakini nimewaona wanawake waliofungua shauri Jumatatu wakirudi kulifuta baada ya wiki mbili, wakiwa wamezungukwa na mawifi na mashemeji, na swali lile lile la "umesamehe?" likiulizwa huku hao wote wamesimama nyuma yao. Jibu la namna hiyo mimi sasa silihesabu kuwa jibu.

Mheshimiwa Jaji, mahakama zilizo chini ziko katika usimamizi wako, na unayo mamlaka ya kuita majalada yake na kuyakagua. Ninaloomba ni kwamba mahakimu waelekezwe, kila inapoletwa habari ya sulhu, kumsikiliza aliyepigwa peke yake, ndugu wa pande zote wakiwa nje. Wamuulize alikubali nini, lini, na nani alikuwepo. Kisha masharti yaandikwe kwenye mwenendo wa shauri na fedha zikabidhiwe kwake mwenyewe mbele ya mahakama. Kabla ya hayo yote PF3 isomwe upya, na ikionekana jeraha ni kubwa kuliko kosa lililoandikwa, shauri lipelekwe panapostahili, hata kama wazee wamekwisha kupeana mikono. Na pale mshtakiwa anapotiwa hatiani, mahakama ikumbuke kwamba faini huingia serikalini, wakati aliyelipia matibabu na nauli ni mlalamikaji. Uwezo wa kuamuru fidia upo kisheria. Katika muda wangu wote niliusikia ukitumika mara chache mno, na mara nyingi mlalamikaji hakujua hata kwamba anaweza kuuomba.

Ukiagiza majalada yaliyofungwa kwa sulhu, nakuomba utafute humo maneno ya aliyepigwa. Katika jalada la kijana yule utakuta mstari mmoja, "Nimemsamehe," na chini yake sahihi tatu. Moja ni yangu. Nikihitajika kueleza lolote juu ya shauri hilo, nitafika.

Wako mtiifu,
Mshauri wa mahakama mstaafu,
Makorora, Tanga.